Tulitaifisha Mizani, Pua Tukaiacha

Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho Chuo Kikuu ilihusu nafasi ya makampuni ya kigeni katika uchumi wa taifa. Niliiandika kwa Kiingereza, pengine ili wakulima niliowatetea humo wasije wakaisoma kwa bahati mbaya. Nakala yangu niliiweka sandukuni nyumbani kwa mama, mtaa wa Ipuli, na mchwa wakaila kuanzia sura ya tatu. Sura ya tatu ndiyo iliyomhusu mzee wa nta. Sidai kwamba mchwa wa Tabora wana busara, lakini kama wangeniuliza waanzie wapi, ningewaonyesha mahali hapo hapo.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Nilikwisha kuitaja vya kutosha, kwa herufi kubwa, katika sura hiyo. Makao yake yalikuwa Ulaya, na ilikuwa na matawi katika nchi ambazo mimi nilizijua kwa ramani tu, ikinunua nta, gundi ya miti, ngozi na vitu vingine ambavyo watu maskini huvitafuta porini. Darasani tulifundishwa kuiona kama mdudu mwenye mirija mingi. Hapa Tabora mrija wenyewe ulikuwa ghala moja la bati karibu na stesheni, mizani, meza ya mninga, kibao juu ya mlango, na mzee mmoja. Mzungu alikuja mara moja kwa mwaka, akakagua mizani, akanywa chai, akaondoka na treni. Siku nyingine zote kampuni ya kimataifa ilikuwa ni yule mzee, na saa saba mchana aliifunga kwa kufuli akaenda kuswali.

Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, na siku nilipoingia jandoni yeye ndiye aliyenishika. Babu yake alikuwa mnyapara wa misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji na kurudi pwani, jambo alilolisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Msafara haujaisha," alipenda kusema. "Aliyebadilika ni mwenye mzigo." Alikuwa mtu wa maringo, mwepesi wa kununa, na maringo yake yote yalikaa puani. Hakugusa sigara wala ugoro. Harusini alikaa mbali na chetezo ili udi usimharibie kazi, na ikikaribia siku ya kununua hakula migebuka, samaki wakavu wa Kigoma ambao mji mzima uliwapenda. Mkewe alisema alidhani ameolewa na mtu, kumbe ameolewa na mbwa wa polisi.

Pua hiyo ilikuwa na kazi. Nta huletwa ikiwa mikate. Mrina asali akishakamua masega huyachemsha kwa maji, huyachuja kwa kitambaa, kisha huiacha nta igande kwenye beseni. Kwa nje mikate yote hufanana, ya mwaminifu na ya mjanja. Mambo yako ndani. Humo mwaweza kuwa na mchanga, au mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa pamoja na nta ili uzito uongezeke, au jiwe zima. Kwa hiyo mzee aliuvunja kila mkate. Aliuweka mezani, akaupiga kwa nyundo ya mti, akanusa pale ulipopasuka, akamega kipande akakitafuna polepole huku akitazama dari, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nta safi huvunjika kwa chembechembe na haigandi menoni. Yenye mafuta huteleza.

Haya yote aliyafanya mbele za watu. Wauzaji walikaa kwenye mabenchi mawili wakitazama, na aliyefika zamu yake alisimama mezani peke yake. Mkate ukiwa safi, mzee alipitisha kipande benchini wenzake wanuse. Ukiwa mbaya, alimrudishia mwenyewe vipande vyake bila kuvipima, akasema maneno mawili: "Kachemshe tena." Mabenchi hayakukaa kimya.

"Huyo wa Puge mkate wake mzito kama mtoto wa kiboko! Vunja, mzee, tumwone mama yake!"

"Usitafune sana, mzee, utashiba usahau kwenda kwako."

"Ninyi Wanyamwezi mlibeba meno ya tembo mpaka pwani hamkuchoka, leo mkate wa nta unakupinda mgongo?"

Mwaka wa mwisho wa masomo nilikuja likizo, nikaketi kwenye ghala lile siku tatu na daftari. Siku ya pili alifika mrina mmoja kutoka Usinge, kijana wa makamo yangu, aliyekuja na treni akiwa na mikate sita ndani ya gunia. Mzee aliivunja yote sita. Ilikuwa ya kahawia.

"Umeiunguza," alisema. "Moto mwingi, maji kidogo. Kachemshe tena."

"Mzee, nimetoka Usinge."

"Nta haijui ulikotoka."

Mabenchi yakaangua kicheko. Mmoja akasema mwachie, mzee, ana mke mpya, moto ulimshinda kote kote. Yule kijana alipiga magoti akaokota vipande vyake sakafuni kimoja kimoja, akavirudisha guniani. Niliandika neno "udhalilishaji" nikalipigia mistari miwili. Yeye sikumuuliza neno lolote. Wakati ule niliamini kwamba mnyonge hana haja ya kuulizwa, kwa kuwa vitabu vimekwisha kumsemea.

Aliyehojiwa alikuwa mzee, jioni, tukifunga ghala.

"Mzee, unajua nta hii inakwenda wapi?"

"Ulaya."

"Kufanya nini?"

"Mishumaa ya makanisani. Au sivyo?"

Nikamweleza, kwa furaha ya mtu aliyekaa maktaba muda mrefu, kwamba nyingi inakwenda kwenye rangi ya midomo ya wanawake. Nilitegemea ashtuke, aone jinsi alivyofichwa mambo miaka yote hiyo. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe inaingia mdomoni! Basi yule wa Puge nilikuwa namlegezea bure."

Hilo sikuliandika. Halikuingia katika hoja.

Nisieleweke vibaya. Niliyoyaandika juu ya kampuni hayakuwa uongo. Bei ilikuja kwa simu ya maandishi kutoka Dar es Salaam, ambako nako ilitoka Ulaya, na hapa Tabora hakuna aliyejua kwa nini mwaka huu imepanda na mwaka ule imeshuka. Faida haikulala hata siku moja katika mji wetu. Na miaka yote aliyoitumikia, mzee hakupata cheo wala msaidizi, ila saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ikichelewa. Uongo wangu ulikuwa wa namna nyingine. Nilijua kampuni inachukua nini, nikadhani kwa hiyo najua kampuni ni nini.

Azimio lilipokuja tuliimba. Mimi niliimba kwa sauti kubwa, kwa kuwa lilionekana kukubaliana na sura yangu ya tatu. Baada ya muda tawi la kampuni pale Tabora likawa mali ya shirika la umma, na shirika likatafuta meneja kijana, msomi, mzalendo, mwenyeji wa mkoa. Nilishuka stesheni nimevaa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na kila mfuko ulikuwa na kalamu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusimamia fundi apake rangi kibao cha kampuni na kuandika jina la shirika. Rangi ilikuwa nyepesi. Jua likiwa upande wa magharibi, jina la zamani lilionekana chini ya jipya mpaka masika ya mwaka wa pili.

Mzee alikuwa amefika kabla yangu, amefuta meza, amepanga mabenchi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Sasa ghala ni letu."

"Ni letu, mzee."

"Basi nina ombi moja. Kampuni niliiomba hili miaka mingi, ikanijibu kwa saa ya ukutani. Nipe vijana wawili nikae nao mezani, misimu mitatu tu. Pua hairithiwi, inafundishwa. Nikifa leo, nta ya Tabora mtaijuaje?"

Nikamwambia tutaliangalia. Nilikuwa nimejifunza neno hilo wiki iliyotangulia, katika semina ya mameneja, na nilishangaa jinsi linavyotoka kirahisi.

Nilichokuwa nikiangalia ni kitu kingine. Nilikuwa nimekuja kukomesha kuvunja. Siku nyingi kabla ya hapo, usiku, nilimwona akilini yule kijana wa Usinge akiokota vipande sakafuni, nikajiapiza kwamba chini ya uongozi wangu hakuna mwananchi atakayepiga magoti mbele ya nyundo ya kampuni. Siku ya kwanza ya soko nilisimama mbele ya mabenchi nikatangaza: mikate itapokelewa mizima, itapimwa, mwenye mali atapewa stahili yake, aende zake na heshima yake. Nilitegemea makofi. Yalipigwa, lakini kwanza watu walitazamana.

Mzee alinifuata ndani.

"Na utajuaje?"

"Tutawaamini, mzee. Hawa ni wananchi."

"Hata mimi ni mwananchi," alisema, "na nikiachwa peke yangu na mkate ambao hautavunjwa, najua nitakachofikiria."

Nilimwambia hayo ni mawazo ya kikoloni. Nilimwambia hivyo mtu aliyenishika jandoni.

Majuma matatu yaliyofuata nilidhani amri yangu inatekelezwa. Kisha nikagundua kwamba kila nikienda benki au kwenye mkutano, mzee alitoa nyundo chini ya meza, na wauzaji waliojua ratiba yangu walisubiri niondoke ndipo wapange foleni. Nilikasirika sana. Ningeweza kujiuliza kwa nini watu wangoje saa mbili nzima ili wavunjiwe mikate yao wakati wangeweza kuipimisha mizima bila kungoja. Badala yake niliandika barua.

Barua ilikuwa na kumbukumbu namba. Ilimshukuru kwa utumishi wake na kumjulisha kwamba, kutokana na mabadiliko ya muundo, nafasi ya mnunuzi haipo tena. Ningeweza kuituma kwa tarishi. Nilitaka kuwa muungwana, nikampelekea mwenyewe nyumbani kwake, na kwa kuwa nimelelewa, nilianza na lililo la kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee. Nimekuletea barua."

Aliisoma akiwa amesimama, akisogeza midomo. Kisha akaikunja mara nne, akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaniita kama serikali ilivyotutaka tuitane.

"Ahsante, Ndugu," alisema. "Chai haijawa tayari."

Mama aliipata habari kabla sijafika nyumbani. Alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso.

"Kwa hiyo mtu akushike kisu kinapopita, na wewe ukimaliza kupona umwandikie barua?"

"Mama, hii ni sera."

"Hiyo sera ina mama?"

Kwa mwezi mzima alinipa chakula bila kunikaribisha. Alikiweka tu mezani akaondoka. Kwetu hilo ni adhabu kubwa kuliko njaa.

Msimu huo na uliofuata nilikuwa mtu wa kusifiwa. Nta ilimiminika. Ilitoka Usinge, Puge, hata vijiji ambavyo havikuwahi kuleta kitu. Magunia yalifika darini, na kila gunia lilipigwa chapa ya Tabora kwa rangi nyeusi, chapa ile ile ya kampuni, kwa kuwa soko la ng'ambo liliijua hiyo. Wakubwa walikuja wakapiga picha mbele ya marundo. Niliwaeleza kwamba mkulima akithaminiwa huzalisha zaidi. Waliandika.

Siku moja katika msimu ule wa pili alikuja mtu wa Usinge. Nilimkumbuka, yeye hakunikumbuka, au alikuwa na adabu. Alikuwa na mikate minane, kila mmoja umechorwa alama yake, mshale juu ya duara, ile ile anayoichonga kwenye mizinga yake msituni ili mtu asije akakosea mti. Karani alitaka kuipima. Mwenyewe akaiwekea mkono.

"Vunja," alisema.

"Ndugu," nikaingilia kwa uchangamfu, "siku hizi hatuvunji. Tunakuamini."

"Sikuombi uniamini. Nakuomba uvunje."

"Hakuna haja."

"Wewe huna haja. Mimi ninayo." Aligeukia mabenchi. "Zamani nilipata aibu hapa hapa. Mzee alinirudisha Usinge na vipande vyangu. Nikachemsha tena. Nikajifunza kuweka maji mengi, kuchuja mara tatu. Tangu siku hiyo hakunirudisha tena, na kipande changu kimepita benchi hili mkono kwa mkono, na kila mtu alijua nta ya mshale ikoje. Sasa yangu mnaitupa gunia moja na ya yule pale." Akamwonyesha kwa kidevu mtu ambaye ghafla alipata kitu cha kutazama chini. "Nitaonyeshaje?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kicheko kile cha mabenchi ya zamani, lakini hakuna aliyemfuata.

Nikamwambia nitalifikisha ngazi za juu. Karani akaipima mikate, ikatupwa guniani. Yeye alisimama akitazama gunia likifungwa, kisha akaenda stesheni.

Mara ile ndipo nilipopaswa kuelewa, na sehemu yangu moja ilielewa. Sehemu nyingine ilikuwa imeandika tasnifu. Yule kijana niliyemwona akipiga magoti hakuwa ameonewa. Alikuwa amefundishwa kazi, kwa ukali, na meza ile ndiyo iliyokuwa shahada yake. Mimi yangu nilikuwa nimeitundika ukutani ofisini.

Watu wa Tabora si wezi kuliko watu wengine. Ukweli ni kwamba mtu anayechuja mara tatu huchoka, na akimwona jirani anayechuja mara moja anapewa sawa naye, mwaka ujao naye atachuja mbili. Mchanga ukaanza hivyo, bila mtu kuamua. Mafuta ya ng'ombe yakaja baadaye. Mawe yalikuwa ya mwisho.

Tulikuwa tumeitaifisha kampuni, lakini mnunuzi wa ng'ambo hatukumtaifisha. Jambo hili halikuwamo katika sura yoyote ya tasnifu yangu. Nta yetu bado ilikwenda kwa wale wale, Ulaya ile ile. Tuliwafukuza mlangoni, kisha tukawaandikia kwa heshima tukiwaomba wanunue. Barua yao ilipokuja ilikuwa fupi na ya upole. Nta yenye chapa ya Tabora haitapokelewa tena. Magunia ambayo hayakuwa yamepakiwa melini yalirudi kutoka bandarini kwa treni, behewa zima, na wapagazi wa stesheni waliyashusha wakiuliza kama sisi sasa tunaagiza nta kutoka nje.

Shirika lilinitaka nieleze. Sikuwa na cha kueleza, kwa kuwa sikuwa na mtu hata mmoja ghalani aliyejua kilichomo ndani ya magunia yale. Kampuni haikuacha kitabu. Haikuwahi kuandika maarifa ya mzee popote, na kwa nini iandike? Ilikuwa nayo kwa mshahara mdogo. Mimi niliyatoa nje bure.

Nikaenda kumtafuta. Alikuwa na meza sokoni, akiuza migebuka.

Nilisimama mbele ya samaki wale nisijue nianzie wapi. Nikaanza na shikamoo. Akaitikia marahaba, bila "mwanangu".

"Mzee, nta imerudi."

"Nimesikia behewa likipita."

"Nilikosea."

"Ulikosea, ndiyo," alisema, akaningoja kama mtu anayengoja niendelee. Akafunika samaki kwa gunia, akamwachia jirani meza yake. "Pua imekufa," alisema tukiwa njiani. "Usitegemee pua. Meno yapo, na macho."

Alivunja siku nne. Hapakuwa na watu mabenchini wala utani, ni sisi wawili na karani katika joto la bati. Kila mara aliusogeza mkate puani kwa mazoea, akakumbuka, akaushusha. Yaliyotoka humo sitayaeleza yote. Mikate yenye mawe haikuwa na alama ya mtu. Yenye mafuta ilikuwa na alama zilizokwanguliwa nusu, kama za watu ambao hawakuwa wameamua vizuri. Siku ya tatu tulifikia mikate ya mshale na duara. Aliupasua wa kwanza, akatafuna akitazama dari, akaupasua wa pili, mpaka wa nane. Kisha akachukua kipande, akageuka kukipitisha, upande wa mabenchi matupu. Akanipa mimi. Nilikinusa. Kilinuka moshi kidogo, na maua fulani ambayo siyajui, na mikono yake ilinuka samaki.

"Hii ndiyo," alisema.

Siku ya nne alipomaliza, alinawa, akakataa malipo, akarudi sokoni. Vijana wawili aliowaomba sikuweza tena kuwaajiri. Msimu ule shirika halikuwa likiajiri mtu, lilikuwa likitafuta mtu wa kumwachisha kazi. Niliandika Ulaya nikieleza kwamba tumechambua, kwamba tunayo nta safi, magunia machache lakini safi kabisa. Walijibu kwa upole ule ule. Walikuwa wamekwisha kupata nta kwingine.

Siku hizi, ninapoandika haya, tunaambiwa makampuni yarudi, na vijana wenye shahada kama yangu wanatoa hotuba za kuyakaribisha kwa bidii ile ile niliyoyafukuzia. Nawasikiliza kwa makini. Bado sijamsikia hata mmoja akiuliza ni nani atakayekaa mezani. Mimi sina ubavu wa kuwanyooshea kidole. Nilipewa ghala, mizani na mzee, nikaona mzee ndiye wa kikoloni.

Kabla sijahamishwa kikazi nilipanda treni kwenda Usinge. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na nta ya mtu ghalani, safi, isiyo na mnunuzi, na niliona ni haki aambiwe na aliyeifikisha hapo.

Nilimkuta nje kidogo ya kijiji, yeye na majirani watatu, wakikata miti. Ilikuwa mitundu mikubwa, na kwenye mmoja uliokwisha kuangushwa niliuona mzinga umebanwa chini ya tawi, mtupu, mshale wake ukitazama juu. Walikuwa wakikusanya magogo kwa ajili ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku. Tumbaku inakula kuni, alinieleza, kana kwamba ndicho nilichokuja kuuliza. Wanunuzi wake wapo. Wanachagua jani kwa jani, mbele yako.

"Nimekuja kwa habari ya nta yako," nikasema.

Akaegemea shoka. "Nasikia yote ilirudi."

"Yote ilirudi."

"Yangu mliivunja?"

"Tuliivunja. Mzee mwenyewe aliivunja."

"Ikawaje?"

"Safi. Yote minane."

Majirani walikuwa hatua chache kutoka pale, wakifunga magogo kwa kamba za magome, wakizungumza Kinyamwezi mambo yao. Akawaita. Wakaja wakijipangusa mikono.

"Sema tena," aliniambia. "Kwa sauti."

Nikasimama wima, meneja wa shirika la umma mwenye mifuko minne, nikasema tena kwa sauti, katikati ya visiki, kwamba nta ya mshale na duara imevunjwa mbele ya macho yangu na ni safi, mikate yote minane. Wale watatu wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Mmoja akamwambia hongera. Kisha wakainama, wakalibeba gogo begani, na yeye akaenda akashika upande wa nyuma.